Ngano Iliyofukizwa Udi

Mambrui

Dada Mwanaesha, shikamoo. Harusi ya binamu yetu Saumu imekwisha kwa furaha, na joto la huku latuyeyusha kama samli. Sasa kaa kitako nikueleze habari za ile ngano ya bokoboko uliyonipa nilete.

Shangazi aliimimina kwenye ungo aipete, akainusa, kisha akanitazama. "Mwanangu, hii imefukizwa udi. Bibi harusi ni nani, Saumu au gunia?"

Nikakutaja papo hapo, unisamehe. Udi wako ulificha harufu ya uvundo, lakini macho hayafukizwi. Akanichagulia punje zilizosinyaa, zenye wekundu wa waridi. Kumbe ni kuvu, imeingia tangu ngano iko shambani! Nikamwambia, kama usemavyo wewe siku zote, kwamba hakuna kinachoushinda moto.

"Kuvu itakufa," akasema, "lakini sumu yake itabaki chunguni. Wataka wakwe watapike mbele ya bibi harusi?"

Hata kuku hakuwapa. Tuliifukia yote nyuma ya nyumba, tukapika bokoboko la mchele, na wakwe wakaomba waongezwe.

Shangazi akusalimu sana, dada yangu mpenzi. Asema ngano usilete tena, ila udi ule usikose kuuleta ukija, maana mpaka leo shimo lile lanukia kuliko chumba cha bibi harusi.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia