Dada Tekla, Sasa Nakanyaga

Dada Tekla,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila nimeshindwa kuanza bila hiyo.

Ulipoondoka, watu msibani walisema zile pedeli za mazoezi za hospitali ndizo zilizokuua. Mgonjwa wa figo kakanyaga baiskeli huku mashine inamsafisha damu, moyo utahimili? Niliamini, maana niliziogopa tangu mwanzo. Ulikuwa ukikanyaga kitandani kwako, taratibu, unanitazama mimi niliyelala kitanda cha pili na mashine yangu. Siku moja ukaniambia, "Zuhura, mashine inafanya kazi yake. Na wewe fanya yako." Nikageukia ukutani. Wakati huo kutoka chumbani hadi dukani kwangu nilikuwa nahema, miguu inakaza, na bado nikageukia ukutani. Nisamehe.

Mumeo ndiye aliyenitoa hofu. Alikuja dukani kununua sukari ya arobaini yako, akanieleza kwamba maambukizi yaliingia kwenye damu, wala si mazoezi. Akasema hadi Jumapili yako ya mwisho ulikwenda kanisani kwa miguu, hukutaka bodaboda.

Basi nikamwomba daktari na mimi nikanyage. Akanipima presha, akaniruhusu, akaniagiza nianze saa ya kwanza ya mashine kabla sijachoka, na mkono wenye sindano nisiutikise. Siku hiyo nilikanyaga dakika tatu. Nikalia, dada. Sikuumia popote. Nililia kwa sababu ulikuwa karibu yangu mwaka mzima, nikakuacha ukanyage peke yako.

Sasa nafika dakika ishirini. Siku zisizo za mashine natembea mtaani kwetu Lipangalala asubuhi, kabla jua halijawa kali, na wateja wameshazoea kukuta duka limefungwa.

Kitanda chako amepewa mama mmoja wa Mngeta. Mwanzoni salamu yangu ilikuwa ya mdomoni tu. Iliniuma kumwona amelala pale. Juzi akaniuliza kama kukanyaga kunauma. Nikamwambia tumuulize daktari pamoja.

Jumamosi nilitembea hadi kwenu Katindiuka. Nilipumzika mara mbili njiani. Mumeo akanionyesha kaburi, akatuacha. Nilitaka kukuambia haya yote palepale, nikashindwa. Ndiyo maana naandika.

Pumzika, dada yangu. Kupona siwezi kukuahidi, wala wewe hukuwahi kunidanganya hivyo. Naahidi hili tu: mvua zikikatika na njia ikikauka, nitakuja tena, kwa miguu yangu, na safari hiyo nitapumzika mara moja.

Mdogo wako,
Zuhura