Kidonge cha Pili cha Mama Mukwe

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, vijia vya mutaa wetu wa Kadutu vinateleza kama sabuni, na mugongo unaniuma. Unaniuma kwa sababu leo nimebeba mama mukwe wangu.

Soma tena, shajara. Nimebeba mama mukwe. Mugongoni. Mbele ya watu.

Kwetu, mukwe na mama mukwe hawaangaliani machoni. Nikiingia sebuleni, yeye anavuta kitambaa usoni. Nikitaka kumupa kitu naweka juu ya kiti, nageuka, ndipo anachukua. Mimi nimefika Kampala, nimefika Lubumbashi, nimelala hata Dar es Salaam kwenye hoteli yenye lifti, lakini mbele ya yule mama wa kijiji cha Nyangezi nakuwa mutoto wa primaire.

Amekuja kukaa kwetu juu ya tension, ile presha. Damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, na kituo cha afya kilimuandikia kidonge kimoja kwa siku, asubuhi. Bibi yangu, binti yake, ndiye anamupaga. Leo bibi yangu ametoka mapema kwenda Minova kununua maharagwe, akaniachia mama yake.

Nilifurahi, sitadanganya. Mimi ni relais wa afya, yule anayepita nyumba kwa nyumba kueleza watu mambo ya malaria na dawa. Shule niliiacha katikati, sawa, lakini kwenye mafunzo ya relais nilikaa mbele kabisa na kujibu hata maswali ya wenzangu. Kanuni za kutoa dawa nazihesabu kwa vidole vya mukono moja: mugonjwa mwenyewe, dawa yenyewe, kipimo chake, saa yake, njia yake. Kartiye nzima, mutaa wote, nimeieleza mpaka watu wanasinzia.

Basi nikasoma jina kwenye pakiti. Nikaangalia kama haijapita muda. Nikaweka kidonge kimoja kwenye sahani, na glasi ya maji pembeni. Asubuhi, kwa kinywa, mugonjwa huyu huyu. Vidole vyote vimetimia! Nikageuka, nikasikia anameza.

"Aksanti, mukwe wangu."

Nikajiona docteur.

Baadaye akasimama kwenda uani, akashika ukuta, kisha akateremka nao polepole mpaka chini. Jasho baridi. Akasema nyumba inazunguka. Nikamulaza, nikainua miguu yake juu ya muto, nikamupigia bibi yangu simu. Alikuwa angali njiani.

"Umemupa dawa?" akauliza. "Mimi nilishamupa asubuhi, mbele ya kutoka!"

Nikakata simu.

Moto, pikipiki ya kukodi, haifiki kwetu, na kituo cha afya kiko juu ya mulima. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema, "Mama, panda." Akajifunika uso wote kwa kitambaa, akapanda. Shajara, yule mama ni muzito kuliko heshima yake, na heshima yake ni kubwa sana.

Njiani tukakuta Mama Neema, jirani yetu anayeuza makala, mkaa wa kupikia.

"Yesu! Papa Espoir! Unabeba bokilo, mama mukwe wako, kama gunia ya makala?"

"Acha kucheka, sukuma!"

Akaacha makala yake kwenye mvua, akasukuma. Alicheka na kuomba Mungu kwa pumzi moja, mpaka mulangoni mwa kituo.

Infirmière, muuguzi wa kituo, alipima, akapima tena. Tension imeanguka chini kabisa. Akanieleza kwamba dawa ile inalegeza mishipa, na nguvu yake inabaki mwilini siku nzima. Cha kwanza kilikuwa kingali kinafanya kazi, mimi nikamuongezea cha pili juu yake. Sasa atalala hapo, atapimwa kila mara, mpaka ipande.

Nikakaa kwenye benchi ya nje. Nilikuwa natafuta namna ya kumuambia bibi yangu: nimemuua mama yako, na nilifuata kanuni zote.

Mchana ukapita. Ikapanda kidogo. Ikapanda tena. Mama akaomba uji, nami nikalia kama mutu aliyekatiwa kitunguu usoni.

Infirmière akakaa kando yake kitandani. "Maman, ulijua kama umeshakunywa asubuhi?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini ukameza tena?"

Akavuta kitambaa. "Ni mukwe wangu alinipa. Nitamukatalia namna gani?"

Infirmière akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Katika mafunzo yote yale hakuna aliyetuambia kwamba mugonjwa anaweza kumeza kidonge juu ya adabu. Na dawa haijui adabu. Ikishuka tumboni inafanya kazi yake tu.

Swali lilikuwa dogo: Mama, umeshakunywa? Sikuliuliza, kwa sababu nilijua kila kitu.

Tumerudi jioni, yeye kwa miguu yake, polepole. Kesho tutapanda tena apimwe, na hatagusa kidonge mpaka infirmière aruhusu. Bibi yangu ameongea na mama yake kwenye simu, kisha ameongea na mimi. Hayo aliyoniambia siyaandiki hapa.

Nikakaa mulangoni, nikamupa mugongo kama desturi inavyotaka. Nikasema, "Mama, mu nyumba hii unaweza kunikatalia. Kama umeshakunywa, sema. Kama dawa inakuumiza, sema. Sitakasirika. Kukukosa ndiko kutaniumiza."



Nikaenda kupika bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Nikaweka sahani juu ya kiti, nikageuka. Nikangoja sauti ya sahani. Haikuja.

"Mukwe wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Hizi samaki ziko na chumvi mingi. Infirmière alikataza." Akapumua. "Hapana."

Hapana! Nimetembea nchi nyingi, sijawahi kusikia neno tamu hivyo. Nilitaka kumukumbatia, lakini aibu ya leo imetosha. Nikamuchemshia viazi bila chumvi, akala vyote.

Sambaza nimekula mimi. Kweli, ilikuwa chumvi tupu.