Uji Baada ya Amina

Wajina wangu Wambui,

Huku Dagoretti tuko wazima, na ng'ombe wa guka, babu yako, amezaa. Unauliza mbona umeshapasuliwa tumbo na bado unanyimwa chakula, tena nesi kila mara anakuuliza kama umejamba. Anangoja dalili kwamba utumbo umeamka.

Mimi nilipopasuliwa nikiwa msichana, nilibana kwa aibu huku njaa ikiniuma. Akina mama wa kanisa wakaja na chupa ya uji, nesi akawakataza kunipa. Basi wakafumba macho, wakaliombea tumbo langu. Kabla hawajamaliza, likaachilia upepo mmoja mrefu.

"Amina!" nesi akaitikia. "Sasa mpeni uji."

Sijaona tena maombi yakijibiwa haraka hivyo. Usibane, mami.

Nyanya yako, Cucu