Kadi Mbili za Mahafali

Jumanne

Binti yangu Achieng anavaa joho! Digrii ya mambo ya udongo, na ni msichana wa hapa Kambi Muru. Nimetangaza kanisani, sokoni, hadi kwa fundi wa viatu.

Halafu leo ananiambia, "Mathe, chuo chetu ni kidogo. Kila mwanafunzi anapewa kadi mbili tu za wageni."

Mbili! Na nimealika ploti nzima, wapangaji wote. Akina mama wenzangu wa chama cha Kawangware wameshashona vitenge sare. Nitawaambiaje wasije?

Nikamwambia joho la kuazima hatutalirudisha siku hiyo ya mahafali. Atalivaa tena hapa, atembee kutoka bombani hadi mlangoni kwetu, nami nilisome jina lake kwa sauti. Mkuu wa chuo nitakuwa mimi.

"Mathe, aibu!" Lakini alicheka.

Basi mahafali ya hapa plotini ni Jumamosi saa nane, wote waje na vigelegele.