Ngege Wawili Kwenye Gati

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Inatangazwa kwa umma wote, yaani mimi, kwamba leo asubuhi Meneja wa Mradi wa Gati, Asembo Bay, amekabidhiwa kiti kipya. Sherehe ilikuwa fupi. Kiti cha zamani kilivunjika nikiwa juu yake, mbele ya mafundi wote, na Fundi Wafula akanisogezea kreti ya soda. Kreti ni imara. Inamfaa mtu wa umri wangu na tumbo langu.

Kazi kama kawaida. Nguzo za mwisho zimeshuka. Mbao zimebaki chache tu.

Gugumaji limezidi ziwani. Mwezi uliopita nilikuwa naona maji nikiwa nimekaa papa hapa. Leo ni kijani mpaka macho yanapoishia, na maua ya zambarau juu yake. Mgeni angedhani ni shamba la mtu.

Mawimbi hayasikiki tena. Sikujua kwamba niliyazoea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeitisha kikao cha mwisho wa hatua. Ni tarehe 21.

Semina ya Nakuru ilinifundisha mambo mengi, nikarudi na mawili. La kwanza: kila mtu na kazi yake, asiingilie ya mwenzake. Mwalimu Odera, hedimasta mstaafu, ni mwenyekiti. Yeye analinda sababu ya mradi. Wafula, wa kutoka Busia, anawasemea wajenzi. Mama Perpetua, muuza samaki, anawasemea watumiaji, yaani wavuvi na akina mama wa bichi, hapa ufuoni samaki wanaposhushwa. Tulimchagua kwa makofi. Mimi meneja sina kura. Naendesha, naripoti, navunja viti.

La pili: mwisho wa kila hatua tunauliza kama sababu ya mradi ingali hai. Kama imekufa, tunafunga. Hata kama zimebaki mbao chache. Hata kama inauma.

Sababu yetu ni boti kushusha samaki hapa. Hakuna boti iliyoshuka tangu gugumaji lifunge ghuba.

Okumu, mume wa Mama Perpetua, alitoka kutega nyavu siku ileile lilipofunga. Hajarudi. Boti yake pia haijaonekana.

Hatulizungumzi. Tunazungumza misumari.

Jumamosi, 9 Agosti

Ochieng amekuja, ndugu yake Okumu. Hakukaa. Akauliza kikao chetu ni lini, nikamwambia.

Kwao wameshachagua yago, lile tunda refu linaloning'inia mtini kama mkono. Ziwa likimchukua mtu lisimrudishe, wanaifunga yago sanda na kuizika mahali pake, na matanga yote yanafuata kama kawaida. Halafu mke ni mjane. Halafu wazee wanakaa kuamua ni shemeji gani atamrithi.

Mama Perpetua amekataa. Amewaambia huwezi kumzika mtu ambaye njia yake ya kurudi ingali wazi. Wazee nao wakasema: sawa, tungoje watu wa mradi. Wakisema boti bado zinafika, tunangoja. Wakisema ghuba imefungwa, tunazika.

Kwa hiyo kikao changu kidogo cha chai na mandazi sasa ndicho kitakachomfanya mtu mjane. Nakuru hawakutuambia.

Jumanne, 12 Agosti

Wafula ameniita kabla ya chai. Uso wake mbaya.

Mwisho kabisa wa gati, samaki wawili, ngege. Wabichi, wamelowa. Wamefungwa kwa utepe wa mafunjo kupitia matamvua, tumbo kwa tumbo. Kote kuzunguka ni gugumaji, limeshikana kama mkeka. Hakuna mahali limepasuliwa. Boti ikipita huacha njia. Hakuna njia.

Kila mtu hapa anajua nani alikuwa akifunga samaki tumbo kwa tumbo. Okumu. Kila siku aliwatenga wawili hivyo kwanza, wa mkewe, kabla ya kuuza wengine.

Wafula akavua kofia. "Bwana Meneja, mimi nilikuja kujengea watu. Kama kuna wengine wanatumia hii gati asubuhi, hao uwaandikie fundi mwingine."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi ya wote.

Mama Perpetua amepelekewa samaki wake. Akawapokea kwa mikono miwili. Mchana moshi ulitoka jikoni kwake.

Ijumaa, 15 Agosti

Tena. Ngege wawili, tumbo kwa tumbo.

Vibarua wawili wamesema wana wagonjwa nyumbani. Wote wawili, ghafla. Nimewapa ruhusa. Ningekuwa na mgonjwa ningejipa na mimi.

Jioni ng'ombe wa jirani ameteremka akaona majani mabichi. Akatembea juu yake. Kweli alitembea, hatua kadhaa, anakula. Kisha akashuka taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi. Hakulia. Majani yakafunga juu yake na maua yakatulia. Tulisimama tu. Huwezi kukimbilia kitu kisichobeba mtu.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na sina pengine pa kulisema.

Jumapili, 17 Agosti

Kisumu, nyumbani. Kanisani nimeimba sauti ya pili kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kiongozi wa kwaya amenitazama mara kadhaa.

Rosa, mke wangu, ameniambia jana alimwona Mama Perpetua pale soko la Kibuye, ana beseni kichwani, anatembea haraka. Alimwita, hakugeuka. Nikasema labda ana shughuli zake. Nikaomba chai nyingine.

Jumatatu, 18 Agosti

Tena samaki.

Sasa watu wanakuja kuangalia. Akina mama wa kanisa wameomba pale ufuoni, sauti za chini. Hakuna aliyekanyaga mbao. Wafula anapima kila kitu akiwa nchi kavu, kwa macho.

Ochieng naye alikuwepo. Amekasirika, lakini kwa namna ya mtu anayeogopa. "Mzee, niambie. Samaki zinakuja, na mtu haji. Sasa sisi tufanye nini? Nizike mtu anatuma mboga?"

Wazee wamesimamisha maziko ya yago. Imelazwa ghalani kwao, juu ya gunia.

Alipoondoka nilibaki kwenye kreti nikisikiliza. Chini ya gugumaji kuna mlio. Kitu kinagonga nguzo, polepole, kinaacha, kinagonga. Labda gogo. Nimeamua ni gogo.

Jumatano, 20 Agosti

Naandika haraka, mwandiko usamehewe.

Niliamka alfajiri nikague mbao kabla ya kikao cha kesho. Ukungu mzito. Nikafika ufuoni, nikatazama ziwa.

Mtu alikuwa anatembea juu yake.

Wima. Taratibu. Mbali na nchi kavu, juu ya yale majani yaliyommeza ng'ombe. Hayakumshusha. Nikajikuta nimekaa kwenye mchanga. Nikataka kusali, likanijia neno moja tu, jina la mke wangu.

Yule mtu akainama. Akaweka kitu. Akageuka kurudi, na ukungu ukapungua kidogo, nikaiona leso. Ya manjano. Naijua hiyo leso. Mwenye nayo hukaa upande wangu wa kushoto kila kikao.

Gati letu ni la chini. Gugumaji limepanda juu ya kingo na kufunika mbao, ndiyo maana ukiwa ufuoni, tena kwenye ukungu, huoni gati, unaona kijani tu. Nimelijenga mimi, na nilisahau kwamba lipo.

Mama Perpetua alinikuta bado nimekaa.

"Bwana Meneja, umeamka mapema. Ile kreti imekufukuza?"

Beseni lake lilikuwa na barafu iliyobaki kidogo. Wote wawili tuliitazama.

Nikamwambia sikuona kitu. Kesho sitasema neno. Nitaripoti kwamba samaki wanashushwa, basi, mradi uendelee. Nilijiona mtu mwema sana.

Hakushukuru. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayebonyezabonyeza samaki.

"Sasa wewe umekuwa nani? Meneja ama mimi?"

"Mama, nataka kukusaidia tu."

"Kusema boti ziko ama haziko, hiyo kazi mlinipa mimi. Mkanipigia na makofi. Wewe andika. Kusema niachie."

Akajitwika beseni akaenda.

Alhamisi, 21 Agosti

Kikao. Mandazi hayakuguswa.

Watu walijaa mpaka nje ya banda. Ochieng mlangoni, mikono kifuani, amejiandaa kupiga kelele. Wafula alieleza ya wajenzi: nguzo ni nzuri, mbao zinatosha, vibarua wamekimbia. Nikatoa ripoti yangu. Nilitaja samaki walioonekana na siku walizoonekana. Sikutaja zaidi.

Mwalimu Odera akavua miwani na kuuliza lile swali. Sababu ya mradi ingali hai? Boti zinashuka hapa? Hilo ni la watumiaji, akasema, na akamgeukia.

Kwenye vikao vyetu hatusimami. Yeye alisimama.

"Haishuki hata moja. Tangu ile siku. Samaki nilinunua Kibuye, kwa pesa yangu, nikafunga vile yeye alikuwa anafunga." Akamgeukia Ochieng. "Okumu hayuko."

Akakaa.

Hakuna aliyelia. Ochieng alishusha mikono, hakujua aiweke wapi. Mwalimu alirudisha miwani usoni, akaitoa tena. Kisha akasema mradi umefungwa, na sauti yake haikuwa ya hedimasta.

Nimekuwa kwenye vikao vingi vya watu kutetea kazi zao. Sijawahi kumwona mtu akiifanya kazi yake namna ile.

Jumamosi, 30 Agosti

Wamezika leo. Nilikuwepo.

Kilichotokea ni hiki, bila chumvi, maana bichi nzima bado inasimulia mengine. Okumu alikwenda kwenye nyavu zake na upepo ukaleta gugumaji nyuma yake. Hatujui alikufaje. Hakuna mzimu uliopanda gati. Mke wake alisafiri Kibuye mara kadhaa, akanunua ngege waliotoka Port Victoria wakiwa kwenye barafu, akawaweka mwisho wa mbao kabla watu hawajaamka. Alijua toka mwanzo kwamba amekufa. Amemwambia Rosa hivyo, leo, wakimenya viazi. Alichotaka ni muda. Alisema alishindwa kuwa mjane kwa siku waliyopanga wengine, na kupika wale samaki kulimsaidia kuzoea. Alipika sahani ya mtu mmoja.

Nami nilipojitolea kuficha, haikuwa kwa ajili yake pekee. Nilitaka gati langu liishe. Kwa mbao chache tu.

Yago ilibebwa na watu wawili, imefungwa shuka nyeupe, wakienda kwa mwendo wa watu wenye mzigo mzito kweli. Kaburi lilikuwa refu kama la mtu. Mama Perpetua alitia udongo wa kwanza. Baadaye Ochieng alianza kutaja habari za urithi, naye akamjibu kwamba hicho kikao hajakiitisha, na akikiitisha atamwambia. Wazee wengine walitazama chini. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Adhuhuri Mama Perpetua, ambaye wiki hizo zote aliamka kabla ya watu, aliingia nyumbani kwake akajilaza, mchana kweupe, mlango wazi. Akina mama walikaa nje wakipepeta mtama, wakiongea kwa sauti ya chini. Kila mtoto aliyekaribia alifukuzwa.

Tulipoondoka jioni alikuwa bado amelala.