Koti jekundu kwenye habari za jana

Jumanne, saa moja jioni

Kosa la wengi ni kuhesabu midomo na kusahau kuhesabu macho.

Leo dukani kwa Hajati, hapa Bwaise, wamekata shauri kwamba mwizi wa watoto aliyeonyeshwa kwenye habari za jana ni Juma, mwendesha boda wetu.

"Mzee, watu watatu wamemtambua!" kinyozi wa jirani akanifokea.

Nikauliza walimwona wapi. Wote watatu, kwenye televisheni hiyo hiyo ya Hajati. Basi shahidi ni mmoja tu: picha ya mgongo wenye koti jekundu.

"Uso mliuona?"

"Mwalimu, bado unasahihisha mitihani? Subiri aibe mjukuu wako, ndiyo utauona uso."

Wakacheka. Nikawaeleza kwamba makoti hayo yamejaa soko la Kikuubo, nusu ya madereva wa boda wanayo. Walitazamana tu badala ya kubisha, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilipotoka niliona tairi kuukuu limeegemezwa ukutani. Asubuhi halikuwepo, na hapa mwizi huvishwa tairi akachomwa.

Juma hurudi saa tatu usiku. Mwanangu, namba yake unayo wewe; mpigie simu sasa hivi: alale kwa dada yake huko Bombo, asipite hapa.