Klematisi Iliyovuka Ukuta

Jumamosi, 3 Machi

Nimepanda! Mgongo unauma, kucha zimejaa udongo, na nina furaha ya mtu aliyetangaza vita. Klematisi mbili, mimea itambaayo yenye maua ya zambarau, chini ya ukuta wa nyuma. Si kwa ajili ya uzuri — uzuri nawaachia wenye muda. Nataka pazia. Juu ya ukuta ule kuna dirisha la Mkasi, na dirisha la Mkasi linatazama moja kwa moja meza yetu ya jikoni.

Mkasi! Mhariri mstaafu. Miaka yote niliyoandika safu gazetini alinikata: sentensi zangu, vivumishi vyangu, hasira zangu. Mwishowe akaikata safu yenyewe. Halafu, katika mji wenye nyumba chungu nzima, akanunua hii inayopakana nasi mgongo kwa mgongo. Dada anasema ni bahati tu. Mimi siamini bahati za wahariri.

Nimesoma vitabu vitatu kuhusu klematisi na vyote vinagombana, jambo lililonipendeza. Vimekubaliana mawili tu. Mizizi ikae kivulini, kichwa kipate jua. Na mche uzikwe chini zaidi ya ulivyokuwa kwenye kopo, macho mawili ya kuchipulia ndani ya udongo. Nikachimba shimo la kumzika mbuzi. Dada akaleta mawe bapa akayapanga juu ya mizizi.

"Miguu imepoa," akasema. "Bado kichwa chako."

Bila yeye nyumba hii ni vyumba vinne na redio. Tangu afiwe na mumewe, na mimi niachwe na wangu, tunaishi wawili. Mkunga mstaafu, amepokea nusu ya watu wa mtaa huu wakija duniani. Kila ninachoandika anakisikia yeye kwanza, mezani, huku akichambua mchicha. Akiacha kuchambua, najua nimepatia.

Alhamisi, 15 Machi

Hakuna kitu. Vijiti viwili vya kahawia vimesimama pale kama mashahidi waliolipwa wanyamaze. Konokono wamekula jani pekee lililothubutu.

Nimejenga fremu ya mbao, imara, inapita ukuta kwa urefu wa mtu. Ingeweza kubeba trekta. Dada akaitazama, akaguna. Anasema mmea huu haushiki mbao. Unashika kwa vikonyo vya majani, vinavyojisokota kwenye kitu chembamba tu, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole. "Hapo umeupa mguu wa tembo ukumbatie."

Nikamwambia mbao ni mbao. Akasema haya.

Jumapili, 8 Aprili

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Nilikuwa safarini siku mbili, mkutano wa waandishi, maneno mengi na chai mbaya. Nimerudi, nimekwenda bustanini kabla hata ya kuvua viatu — zimekatwa! Zote mbili! Zilikuwa zimeanza kurefuka, zinafika kiunoni, nami nilikuwa nikizisemesha kila asubuhi. Sasa ni shubiri moja kutoka ardhini. Vibutu.

Nikadhani ni mbuzi. Nikadhani ni Mkasi kapanda ukuta. Kumbe Dada, tena hakuficha, yuko jikoni anapiga pasi.

"Mwaka wa kwanza hukatwa, mdogo wangu. Usipokata, linapanda shina moja refu, jembamba, linatoa ua moja huko juu kabisa la kuonwa na ndege. Ukikata linatoa machipukizi mengi."

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Kwani mimi sina masikio?"

Katika vitabu vyangu vitatu, viwili vinasema kata, kimoja kinasema thubutu. Mimi nilikuwa upande wa kile kimoja. Nimekatwa vya kutosha katika maisha yangu. Sikutarajia mkasi uingie mpaka nyumbani. Nimemwambia hivyo. Akaendelea kupiga pasi kola ya shati langu. Akasema chakula kimefunikwa.

Jumatano, 2 Mei

Sawa. Nakiri kwenye karatasi hii tu, na mahali pengine popote nitakana: zimechipua. Kila kibutu kimetoa machipukizi matatu, manne, mekundu kidogo ncha zake. Na yanashika! Dada amefunga nyuzi za nailoni, zile za kuvulia, kutoka chini hadi juu ya fremu. Vikonyo vimejisokota juu yake, mzunguko na nusu, vimebana. Nilijaribu kukifungua kimoja. Kiligoma. Nilisimama pale nikicheka peke yangu kama kichaa.

Nimemaliza makala. "Mkasi Si Fikra." Ni jibu kwa upuuzi wa Mkasi, aliyeandika gazetini kwamba nusu ya kila andiko haihitajiki. Nimemsomea Dada mezani. Aya ya kwanza na ya pili, akaacha mchicha. Ya tatu, akarudia kuchambua. Anajua. Nami najua. Katika aya ya tatu nadai jambo nisiloweza kulithibitisha, nimelipigia kelele ili lisisikike linavyogongagonga. Nikamwambia hakuna atakayegundua, wasomaji watakuwa bado wanashangilia ya pili.

"Tuma tu," akasema.

Nimetuma.

Ijumaa, 18 Mei

Mkasi amejibu. Ukurasa mzima! Na hakugusa aya ya kwanza. Hakugusa ya pili. Ameingia moja kwa moja kwenye ya tatu, kama mtu aliyepewa ufunguo wa mlango wa nyuma, akaketi humo, akanyoosha miguu. Kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo inayoniua.

Watu wawili tu duniani walijua udhaifu wa aya ile. Mmoja ni mimi.

Nilimuuliza Dada. Akasema mhariri mkongwe hunusa. Kisha akatoka kwenda kwenye mazoezi ya magoti, yale ya jioni, anayokwenda siku hizi karibu kila siku. Magoti ya nani yanataka mazoezi kiasi hicho?

Nimefuta sentensi hiyo kichwani. Ni dada yangu, aliyenibeba mgongoni.

Jumanne, 12 Juni

Klematisi ya kushoto imekufa. Jana ilikuwa kijani, ina matumba. Leo imelala, nyeusi, majani yananing'inia kama nguo mbichi. Ni ule ugonjwa wao wa kunyauka. Nimekata mpaka chini. Dada kaingia ndani, hakutaka kuona.

Ya kulia imepita ukuta.

Jumamosi, 30 Juni

Niandike polepole. Nikiharakisha nitavunja kitu.

Asubuhi niliona matumba ya klematisi ya kulia hayapo upande wetu. Majani tele, shina nene, lakini ua hata moja. Mmea wenye afya vile! Nikaleta ngazi. Nikapanda, nikaangalia ng'ambo.

Maua saba. Manane. Zambarau, makubwa kama sahani za chai, yote yametazama kwa Mkasi.

Nilitaka kuulaumu mmea. Nilikuwa hata nimepata sentensi ya kuulaumu. Lakini nikaiona nailoni. Ile ile ya kwetu — inapanda fremu yangu, inavuka juu ya ukuta, inashuka upande wa pili, na huko imefungwa kwenye misumari, safi, kwa nafasi sawasawa, kwenye ukuta wa Mkasi. Mmea haukuhama. Umehamishwa. Mtu wa huku ametoa uzi na mtu wa kule ameupokea.

Chini ya maua kuna meza ndogo. Viti viwili. Juu ya meza, gazeti lenye makala yangu, limeandikwa pembeni kwa penseli. Na juu ya gazeti, miwani ya kusomea ya dada yangu. Mkono mmoja wa miwani umefungwa plasta nyeupe. Niliufunga mimi.

Mkasi alikuwa anamwagilia maji. Akainua uso.

"Karibu," akasema. "Hiyo ngazi umeiegemeza vibaya. Sogeza mguu wa kushoto."

Niliusogeza! Mungu wangu, niliusogeza, kisha nikashuka.

Jumapili, 1 Julai

"Tangu lini?" nikamuuliza. Chai ilikuwa bado haijamiminwa.

"Tangu wiki uliyojenga fremu. Alikuja mlangoni, wewe hukuwepo. Aliona mashimo kutoka dirishani. Akasema umezipanda vizuri, ila mbao zile hazitashikwa."

Kwa hiyo vikonyo na kidole cha mtoto — yeye! Kukatwa shubiri moja — yeye! Nimekuwa nikilima bustani ya Mkasi kwa jasho langu, kwa maelekezo yake, nikiletewa kidogo kidogo na mtu wa nyumbani kwangu, na mimi nikidhani nampiga kumbo.

"Na magoti?"

"Magoti yangu ni mazima. Ningesema nini? Ukimsikia tu unafura kama andazi."

"Na aya ya tatu? Ulimpa aya ya tatu?"

Hapo aliona haya kidogo. Kidogo sana. "Aliniuliza unaendeleaje na kazi. Nikamwambia umekwama kwenye aya ya tatu. Nilidhani atakusaidia."

"Atanisaidia! Adui!"

"Alikuwa mhariri wako. Nilidhani ndiyo kazi yao."

Nimebishana na maprofesa, na mawaziri, na askofu mmoja. Hao walikuwa rahisi. Ameisema kwa moyo mweupe, na ndiyo maana inachoma. Kama angeniuza ningeandika makala. Yeye alinipeleka tu kwa jirani, kama mtu anayepeleka pasi ikatengenezwe.

Kisha akamimina chai, ya kwangu kwanza kama siku zote, akasema Jumamosi yeye na Mkasi wanafunga ndoa. Watu wachache. Atahamia kule. "Ni ukuta tu, mdogo wangu. Nitakuwa nasikia ukikohoa."

"Na mimi nisome kwa nani?"

Sikukusudia kulisema. Lilitoka. Akaangalia kikombe.

"Utapiga kelele," akasema. "Unajua kupiga kelele."

Jumatano, 4 Julai

Hatusemezani. Yaani mimi simsemeshi. Ameacha chai kwenye chupa na maelezo ya dawa zangu ukutani. Vyumbani kuna maboksi. Nimeandika kurasa kumi na moja dhidi ya ndoa za uzeeni, zina nguvu, zina mifano kutoka historia. Nimefika mwisho nikainua kichwa nione kama ameacha kuchambua. Meza tupu.

Ijumaa, 6 Julai

Nimezikata nyuzi.

Saa kumi jioni, kwa kisu cha mkate, juu ya ngazi, na mguu wa kushoto wa ngazi nikaurudisha makusudi ulivyokuwa. Niliwaza: kilicho changu kirudi kwangu. Nailoni ikalia tiki, tiki, tiki. Mmea ukabaki umening'inia juu ya ukuta kitambo, kama unawaza — halafu wote ukaporomoka upande wetu, maua, majani, uzito ambao sikuwahi kuujua kwa sababu sikuwa mimi niliyeubeba. Shina likapinda karibu na udongo. Nikasikia likipasuka. Sauti ndogo sana.

Dada akatoka mbio, na magoti yale mazima. Hakunifokea. Heri angenifokea. Akapiga magoti, akashika pale palipopasuka kwa mikono miwili, vile alivyokuwa akishika vichwa vya watoto, akasema bila kugeuka: "Halijakatika. Lina ganda bado. Lete kitambaa na kijiti. Upesi."

Nikiwa bado nimesimama na kisu, geti likalia. Mkasi. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, ndani ya uwanja wangu, na kandambili. Hakunisalimu. Akapita akiwa amekunja suruali, akaingiza mabega yake chini ya lile furushi la maua akaliinua ili uzito usivute shina. Mzee yule! Amesimama hapo kama nguzo, petali zimemjaa kichwani, uso mwekundu.

Nimeingia kutafuta kitambaa. Nimekipata zamani, ni mkono wa shati langu la kazi. Kijiti pia. Viko hapa mezani. Nami nimekaa, naandika. Kutoka dirishani nawaona wote wawili. Mabega ya Mkasi yanatetemeka. Hataweza muda mrefu. Hata mimi nisingeweza.

Dada anaita. "Mdogo wangu!"

Niandike kwanza kwamba sikuomba msaada wake. Iandikwe.

Anaita tena. Na sasa sauti ya pili, ya kiume, imekwisha pumzi:

"Shemeji! Hicho kitambaa!"

Shemeji! Ndoa ni kesho, bwana. Leo bado —